Masika ya Chupa Mbili

Jumanne, 15 Machi 1955

Mtu aliyezoea kusema akinyimwa kusema, atapasuka. Leo nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nimeligeuza kichwa chini miguu juu, naandikia kwa nyuma. Asubuhi mimi ni Miraji yule yule, fundi cherehani na muadhini wa msikiti wetu hapa Bondeni. Alfajiri nimeadhini na mbwa wa upande wa reli wakanijibu kama kawaida yao. Kufika alasiri kope zikaanza kuanguka, uzi mmoja nikauona miwili, na kufika magharibi sauti ikabaki puani. Baada ya isha siwezi hata kumkemea paka.

Kadija, mke wangu, anasema hajapata jioni tulivu namna hii tangu tuoane. Ni utani wake. Lakini wakati wa kula nilimwona akinitazama kwa pembeni, nilipokuwa naishikilia taya kwa mkono ili nipate kutafuna.

Mvua bado. Vumbi la ziwani limeingia mpaka sandukuni.

Alhamisi, 17 Machi

Makoti mawili, suruali moja. Vumbi.

Jumanne, 22 Machi

Kadija ameshinda, nimekwenda hospitali. Kombe la aya nimekunywa, ubani nimefukizwa, na jirani zetu wamekubaliana kwamba ni kijicho cha watu juu ya sauti yangu. Nilipenda sana maelezo hayo, maana yalikuwa na sifa ndani yake. Kadija akasema, "Kijicho kitakuwa hospitali pia, twende tukakitafute."

Kwenye benchi nilimkuta mtu mrefu wa Molo, koti lake linanuka maziwa na moshi, kidevu amekiegemeza juu ya ngumi. Kope zake zimeanguka kuliko zangu. Tukatazamana kwa muda, wanaume wawili wazima waliolegea nyuso, halafu akacheka yeye kwanza.

"Hata wewe, mzee?" akasema, kwa sauti ile ile ya puani niliyoizoea kwangu. "Mimi nilifikiri ni mimi peke yangu dunia nzima."

Anaitwa Kemboi, anakamua ng'ombe kwenye shamba la Mzungu. Anasema ng'ombe watatu wa kwanza anawakamua vizuri, wa nne mikono inakataa. Nyama hajatafuna tangu mwaka jana.

Daktari Pereira ni Mgoa mnene, mpole, na anazungumza Kiswahili cha huku huku. Alininyooshea kidole akaniambia nikitazame bila kushusha macho. Kope zikashuka zenyewe. "Hii si ugonjwa ya macho, fundi," akasema. "Ni misuli. Inachoka haraka kuliko wewe. Si ya kuambukiza, na ni watu wachache sana wako nayo." Jina lake ni refu, la Kilatini, sikulishika.

Kisha akanidunga sindano mkononi, akaniambia nikae nje. Tumbo likanguruma, mate yakanijaa kinywani. Halafu, Kadija ni shahidi, kope zikapanda. Nikauona mlima wa Menengai, mmoja tu, mahali pake. Nikamwambia Kadija, "Huo Menengai," na sauti iliyotoka ikanishtua.

Ikasadifu adhuhuri. Nikasimama mwisho wa varanda, nikaweka vidole masikioni, nikaadhini. Yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale pa kuvuta nikavuta. Wagonjwa wakatoka na shuka zao. Ilikuwa sauti ya ujana wangu, ile ambayo baba aliisikia mara ya kwanza akaenda kukaa nyuma ya msikiti peke yake, na aliporudi macho yalikuwa mekundu akasema ni moshi.

Baada ya muda mfupi ikaondoka. Sindano hiyo haidumu, daktari anasema, na ukidungwa kila siku tumbo litakutesa. Anaiweka kwa hatari tu: mtu akipaliwa, au pumzi ikimwishia.

Nimelia nikiwa njiani, na simfichi mtu.

Jumanne, 29 Machi

Mvua imefika! Ilianza upande wa Njoro, tukaiona ikija juu ya ngano, kisha ikatuangukia yote kwa pamoja. Harufu ya udongo uliolowa imenirudisha utotoni. Bondeni haikuwa na nyumba nyingi wakati huo. Baba, aliyekuja kutoka Mombasa na reli, alikuwa ananisimamisha uwanjani upepo ukivuma na kuniambia niadhini nikiuelekea upepo. Akienda mbali akanyoosha mkono, maana yake hajasikia. Nikirudia akapungia, maana yake nimefika. Baba aliadhini hapa miaka yote mpaka alipofariki, na hakupata kuikosa magharibi ya Ramadhani, wala kula mchana wa Ramadhani hata siku moja. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Mvua ya kwanza, Kinyanjui fundi baiskeli alikuwa akija mbio kutuletea nduma, anasema mvua mpya haiingii nyumbani mikono mitupu. Hakuwa Mwislamu, lakini saa yake ya kufunga duka ilikuwa ni sauti yangu. Wamemhamisha na Wakikuyu wengine tangu Hali ya Hatari ilipoanza, na sijui yuko kambi gani. Duka lake sasa ni ghala la magunia.

Jumanne, 5 Aprili

Mambo yamekuwa mazito. Leo daktari alituita mimi na Kemboi pamoja.

Iko dawa mpya ya ugonjwa wetu, ya vidonge. Inafanya kazi kama ile sindano lakini polepole na kwa muda mrefu zaidi. Wakubwa wa Nairobi wanataka kuijaribu kwa watu wenyewe, na katika koloni nzima wamepata wagonjwa sita tu. Ni majaribio, daktari alilirudia neno hilo ili tusije tukasema hatukuambiwa.

Kila mtu atapewa chupa mbili, moja ina lakiri nyekundu, nyingine lakiri ya buluu. Chupa moja ni dawa. Ya pili ni unga mtupu uliofanywa vidonge, sura moja na ladha moja. Unakula chupa moja wiki tatu, kisha unakula nyingine wiki tatu. Ipi ni ipi hata yeye Pereira hajui, imeandikwa na kufungwa huko Nairobi.

Kemboi akauliza, "Sasa daktari, mtu mgonjwa unampa unga wa nini? Unga si iko nyumbani?"

"Kama mnajua mnakula dawa, moyo peke yake inaweza kuwapandisha," daktari akasema. "Mimi nataka kujua dawa inafanya nini, na moyo inafanya nini."

Tena wanaanza wawili wawili, mmoja na nyekundu, mwenzake na buluu. Asiye na mwenzake haingii. Kwa upande wetu huu wa Bonde la Ufa tuko wawili tu, Miraji na Kemboi.

Kemboi akakubali hapo hapo. Mimi nikauliza vinaliwa lini. Asubuhi, adhuhuri na alasiri, vinaanza Jumanne ya tarehe tatu Mei, na hakuna kuruka hata kimoja.

Tarehe tatu Mei ni Ramadhani.

Nikamwambia sitaweza. Muadhini gani anayewaita watu wafuturu na yeye tumbo lake limeshiba? Na vikiwa ni vya unga? Nitakuwa nimekula mchana wa Ramadhani kwa ajili ya unga! Daktari akasema nifikiri, na nisifanye kwa ajili ya Kemboi, nifanye kwa ajili yangu. Kemboi aliangalia kofia yake tu.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua. Kadija hasemi na mimi, amejinunia na sufuria zake.

Jumapili, 10 Aprili

Pasaka ya Wakristo. Kengele zao zililia vizuri. Ziliponyamaza nikakumbuka kengele haichoki, nikaona wivu, wivu wa kukionea chuma.

Jumanne, 12 Aprili

Nimemwendea Sheikh Abdisalam, imamu wetu. Nilitaraji aniunge mkono. Akaniambia mgonjwa ana ruhusa, ale sasa alipe baadaye, na asiyeweza kulipa alishe masikini.

"Najua ruhusa, Sheikh," nikamwambia. "Nauliza heshima."

"Heshima ya nani?" akaniuliza.

Nikaondoka nimekasirika. Njiani tope likanivua kiatu.

Jumanne, 19 Aprili

Sikwenda hospitali. Nasikia Kemboi alikuja na lori la viazi kutoka Molo, akakaa kwenye benchi mpaka mchana, akaniulizia.

Jumamosi, 23 Aprili

Mwezi umeonekana kati ya mawingu mawili, upande wa ziwa. Kesho tunafunga. Zamani tulikuwa tunapanda juu ya matangi ya maji ya reli kuutafuta, na aliyeuona kwanza alipewa kaimati za moto na mama. Leo nimeuona miezi miwili, mmoja juu ya mwingine. Nikauchagua wa chini.

Jumatatu, 25 Aprili

Siku ya pili. Magharibi nimeadhini kwa shida, nimelala mchana kutwa ili niihifadhi sauti. Cherehani imefungwa, mwenye koti la harusi amefoka.

Jumatano, 27 Aprili

Naandika hili usiku, kabla sijalala.

Tangu alasiri mvua ilikuwa inapiga mabati ya Bondeni nzima. Nilipanda kwenye kibanda cha muadhini, nikaangalia saa, nikavuta pumzi. Takbiri ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka nusu. Baada ya hapo kinywa kilifunguka na kufumba, na kilichotoka mimi mwenyewe sikukisikia. Nikaendelea mpaka mwisho, kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Nikateremka, nikafuturu kwa maji, yakanirudia puani.

Msikitini watu wameniona, wamefuturu. Majumbani hawakusikia kitu. Wengine wana saa, wakangoja, wakatazamana, wakala. Wengine wakamtuma mtu aje kuuliza. Mtaa mzima ulikaa na tende mkononi katika giza, watoto wanalia, kila nyumba inasema Miraji bado, Miraji hajaita.

Na Bi Safiyo hakula kabisa. Bi Safiyo ni jirani yetu, ajuza, rafiki wa marehemu mama, macho yake hayaoni mbali. Tangu baba afariki nikaishika adhana hajapata kufungua kwa saa wala kwa giza, yeye hufungua kwa sauti yangu. Mjukuu wake alimwambia usiku umeingia. Akajibu, "Sijamsikia Miraji." Wakamwambia watu wameshaswali. Akajibu, "Miraji hawezi kunisahau." Akakaa na tende yake mpaka akaanguka kutoka kitini.

Kadija alimzindua kwa maji ya sukari. Nilipofika alikuwa amelazwa, tende bado ameishika. Akanisikia miguu. "Umechelewa leo, mwanangu," akasema.

Nilitaka kumwambia niliita. Sauti haikuwepo hata ya hilo.

Alhamisi, 28 Aprili

Nimemkabidhi Gelle adhana ya magharibi. Gelle ni muuza nyama, Msomali, mtu wa dini na mifupa mipana, na sauti yake ni ya mlango usiopakwa mafuta. Lakini inasikika mpaka stesheni. Amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mzee Miraji, mimi nakushikia tu. Kitu si yangu." Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, sasa nitafanyaje?

Bi Safiyo ameisikia adhana yake na amekataa kula. Anasema hamjui huyo. Ikabidi niende mpaka mlangoni kwake, niweke mdomo karibu na sikio lake, nimwambie kwa kile kilichobaki, "Futuru, mama." Ndipo akala.

Jumapili, 1 Mei

Nimekwenda tena mlangoni, kama jana na juzi. Leo aliniambia nikae. Akaniuliza kwa nini nakataa dawa, Kadija amemwambia yote. Nikampa ile hotuba yangu, kwamba baba hakupata kula mchana wa Ramadhani hata siku moja.

Bi Safiyo akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Baba yako? Mwaka wa nzige aliumwa homa na kifua, karibu afe. Siku saba alikula uji mchana, amejifunika shuka gubigubi ili nyinyi watoto msimwone. Nani alikuwa anamletea uji huo? Mimi hapa. Na jioni anaamka, anajifuta mdomo, anakwenda kuadhini."

Nikasema haiwezekani.

"Ulikuwa mdogo. Alisema, Safiyo, hawa watu wananihitaji saa kumi na mbili na nusu, nitafika kwao kwa uji huu." Akanitafuta mkono akaushika. "Tena alikuwa anapenda sukari nyingi, yule."

Nimekaa na baba yangu usiku huu, yule mwingine, wa chini ya shuka. Namkumbuka mwaka wa nzige. Nakumbuka shuka. Tulidhani amelala, tukawa tunatembea kwa vidole. Nampenda zaidi kuliko jana, na nimemkasirikia kidogo kwamba alijificha. Angeniachia nimwone anakunywa ule uji.

Jumatatu, 2 Mei

Nimemwambia Kadija ndiyo. Amesema, "Haya," akaendelea kupepeta mchele, lakini mchele mwingine ulimwagikia nje ya ungo.

Jumanne, 3 Mei

Mimi nyekundu, Kemboi buluu. Daktari alirusha sarafu, kila kitu mbele ya macho yetu. Kemboi amekonda, kola inamzunguka. Aliponiona nikiingia alisimama, mtu wa watu yule, akavua kofia. "Nilijua utakuja," akasema. "Hapana, nadanganya. Sikujua."

Kidonge cha kwanza nimekimeza hapo hapo, saa tano ya mchana wa Ramadhani, mbele ya watu. Sikujifunika shuka. Wawili watatu wa Bondeni wameniona. Sawa.

Jumatano, 4 Mei

Hakuna kitu. Unga.

Alhamisi, 5 Mei

Hakuna. Nimeacha kumwambia Kadija habari, nikitazamwa hivyo sipumui.

Jumapili, 8 Mei

Tumbo linanguruma kama siku ya sindano. Nimekaa kwenye cherehani mpaka alasiri bila kuona nyuzi mbili. Sitaki kusema kitu.

Jumanne, 10 Mei

Nasema! Jana jioni nilimkemea paka, na paka akaondoka.

Furaha hiyo nilikwenda nayo hospitali asubuhi, nikaiacha mlangoni. Kemboi wamemletea kiti, hawezi kukaa benchi bila kuegemea. Maziwa ndiyo chakula chake, na hata hayo yanamrudia. Hesabu yenyewe ni ya mtoto mdogo. Tuko wawili, chupa ni mbili. Ikiwa yangu ni dawa, yake ni nini?

"Unasema vizuri, mzee," akaniambia. "Nimefurahi. Kweli." Ilimchukua muda mrefu kuyamaliza maneno hayo.

Jumamosi, 14 Mei

Mvua kutwa. Nimemaliza koti la harusi. Bwana harusi amelipenda, na hakusema hata samahani kwa maneno yake ya mwanzo.

Jumanne, 17 Mei

Lori la Molo limekwama kwenye tope, Kemboi akawa hana pa kulala. Nikamleta nyumbani. Alisikia Gelle akiadhini, akanitazama kwa jicho lililobaki wazi, akasema, "Huyu ndiye alichukua kazi yako? Afadhali ng'ombe wangu." Tulicheka mpaka akapaliwa, tukaogopa.

Kadija akatandika mkeka na sinia moja kama desturi yetu, mimi, yeye Kemboi, na Gelle aliyekuja na maini. Tambi, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga. Kemboi aliweza uji tu. Kwetu watu wakikaa kwenye sinia moja, aliye na kipande kizuri anakisukuma upande wa mgeni. Mama alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kusema. Na mimi kizuri changu kilikuwa mfukoni.

Kadija akanitangulia. Akasema, "Toeni chupa zenu. Wekeni hapa katikati tuchanganye, kila mtu ale nusu ya unga na nusu ya dawa. Nani atajua?"

Nikatoa yangu. Naapa nilikuwa tayari, na ningelala usingizi mzuri. Nikaiweka kwenye sinia kati ya tambi na maini.

Kemboi akaisogeza polepole ikarudi kwangu. "Hapana, mama," akamwambia Kadija. "Asante. Wewe ni mtu mzuri sana. Lakini tukichanganya, Nairobi watasema hii dawa ni nusu nusu, haina nguvu. Watatupa. Na nyuma yetu iko mtu mwingine, hatumjui, na yeye hawezi tafuna." Akapumzika. "Mimi nilisema ndiyo kwa daktari. Wiki moja tu imebaki, nageuza chupa. Mimi nangojea."

Gelle akasema, "Wallahi," akaacha kula.

Nililiona neno hilo langu la heshima, lile nililobishania na Sheikh, limekaa kwenye mkeka wangu limevaa koti la maziwa. Nimeona haya, na nimefurahi kuona haya.

Jumatano, 18 Mei

Alfajiri Kemboi alibanwa pumzi. Gelle alimbeba mgongoni mpaka hospitali, mvua inanyesha. Wamemdunga ile sindano, wamemlaza wodini. Daktari alimwambia yuko huru kuacha majaribio sasa hivi, hakuna atakayemlaumu. Amekataa kwa kichwa. Daktari akasema basi atakaa wodini, wamtazame mchana na usiku.

Jumapili, 22 Mei

Mawingu mepesi. Sauti yangu iko, jioni nzima iko. Kila nikiitumia namfikiria mtu wa Molo.

Jumatatu, 23 Mei

Siku ya thelathini. Gelle alinijia baada ya alasiri. "Leo ya mwisho, mzee. Nenda wewe." Nikakataa, nikakataa tena, nikaenda.

Anga ilikuwa imeoshwa, ziwa linaonekana waridi kwa ndege heroe mpaka ng'ambo. Upepo ulitoka Menengai. Nikauelekea, kama nilivyofundishwa, nikaweka vidole masikioni.

Ilitoka yote. Siwezi kueleza zaidi. Pale pa kuvuta nilivuta, na kwenye kimya kati ya sentensi na sentensi niliusikia mtaa mzima umenyamaza, hata mbwa wa reli. Nilimtafuta baba kwa macho pale uwanjani, mtu mzima mimi, kama atapungia mkono.

Niliposhuka sikuwa na sababu ya kwenda kwa Bi Safiyo, lakini miguu ilishazoea. Nikamkuta kwenye kiti chake, tende mkononi, hajala.

"Mama, hukusikia?" nikauliza, moyo umenianguka.

"Nimesikia," akasema. "Nilitaka iishe kwanza."

Jumanne, 24 Mei

Idi. Baada ya swala nimekwenda hospitali na kanzu yangu mpya na sahani ya vitumbua. Mezani kwa daktari nimeweka chupa nyekundu, na vidonge vya ziada vilivyobaki ndani yake, vyote. Nilikuwa nimekaa navyo alfajiri nikivitazama. Sikuchukua hata kimoja, na nimejuta mara nyingi tangu hapo.

Nimepewa buluu. Kemboi kitandani kapewa nyekundu. Akaishika juu ya kifua kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Ilikuwa tamu?" akaniuliza.

"Haina ladha," nikamwambia. "Tumbo litanguruma. Likinguruma, furahi."

Ijumaa, 27 Mei

Kope.

Jumanne, 31 Mei

Magharibi amerudi Gelle. Tangu juzi anajifunza kuvuta, nimemwambia aelekee upepo. Ni afadhali kidogo. Mvua inapungua, mahindi ya Kabazi yamefika kiunoni, anasema mtu wa sokoni.

Jumanne, 7 Juni

Ndiyo wiki mbili sasa za unga, na mimi ni yule yule wa Machi. Taya naishika kwa mkono. Daktari anasema wiki ijayo yote yanakwisha, Nairobi watafungua karatasi zao, na anaomba turuhusiwe kuendelea na dawa. Anaomba. Hakuahidi, na sikumlazimisha aahidi.

Leo Kemboi ametoka wodini kwa miguu yake. Hakwenda kwenye lori. Amekuja moja kwa moja kwa Gelle, akamwambia ampimie nyama ya mbuzi, ile ngumu kuliko zote, ya shingo. Gelle hakutaka malipo. Kadija ameipika bila kuilainisha, kwa amri ya mgeni.

Bi Safiyo anafunga zile siku sita za Shawali, baada ya Ramadhani. Gelle alipoita, nikaenda mlangoni kwake kama kawaida. Nikafungua kinywa, na leo hata "futuru" haikutoka. Basi nikachukua mkono wake na nikaupandisha mpaka mdomoni kwake, na tende yake ndani. Akala. "Nimekusikia," akasema.

Nikarudi nikakaa kwenye mkeka, bakuli langu la uji mbele yangu. Kemboi alikaa ng'ambo ya sinia, amenyooka, kola imeanza kumkaa. Alichukua kipande chenye mshipa, akakitia kinywani na akatafuna. Akatafuna, akatafuna, macho yake makubwa yako wazi yananitazama, na hakuna mkono wowote kwenye kidevu. Kadija akageukia ukutani. Gelle akamsogezea kipande kingine.

Hatukusema, yeye kinywa kimejaa na mimi sina sauti. Nyumba nzima ilikuwa kimya isipokuwa sauti ya mtu mmoja anayekula nyama. Nimesikia sauti nyingi nzuri katika maisha yangu, na nyingine zilikuwa zangu. Niliuacha uji upoe ili niisikilize hiyo mpaka mwisho.